Kulala Mkunazini



Swali tunalotaka kulitazama katika toleo hili ni fupi, lakini si jepesi: je, ni halali kuitegemeza huzuni ya kweli kwa ushahidi usiokuwa wa kweli? Hatukwenda kulitafuta. Lilitukuta tukiwa wageni katika nyumba ya Kanisa kule Unguja, sisi wanamtaa kumi na wanne wa Temeke pamoja na wenzetu wachache wa Kinondoni, na tangu turudi limekuwa likijadiliwa chini ya mwembe baada ya Misa, mara nyingine kwa sauti kubwa kuliko inavyostahili mahali hapo. Mhariri ametuomba tuliandike, ili kila mmoja alisome lile lile badala ya kupokea vipande kwa jirani yake.

Nyumba yenyewe yaitwa St Monica. Imo katika ua wa Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, na ilijengwa na misheni ya UMCA mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya kazi ya hospitali. Baadaye ikawa nyumba ya kulala wageni. Aliyezoea nyumba zetu za matofali ya saruji na mabati, ambazo saa nane ya mchana huwa tanuri, atashangaa jinsi kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zinavyotunza ubaridi. Dari ziko juu, baraza ni pana. Usiku ni kimya mpaka adhana ya alfajiri, na baada yake kengele. Wazee wawili katika kundi letu walisema hawajapata usingizi kama ule tangu wastaafu. Waliosafiri Uingereza hutuambia kwamba katika miji ya makanisa makuu ya kule, kama Canterbury, nyumba za wageni za kale hujivunia watu waliopata kulala humo, mfalme huyu na malkia yule. Na kama wafalme wangelala katika vitanda vyote wanavyosemwa, wasingepata nafasi ya kutawala. Hayo ni majivuno yasiyomdhuru mtu. Ya Mkunazini ni mengine.

Chini ya St Monica viko vyumba viwili. Mgeni huinama ili aingie. Dari ni ya chini, mwanga hupita katika vitundu vyembamba, na kila upande kuna ukingo wa mawe kama kitanda kirefu, na katikati kama mfereji. Kwa miaka mingi wageni kutoka kila pembe ya dunia wameelezwa kwamba hapo ndipo watumwa walipofungiwa kabla ya kupelekwa sokoni, na idadi ya waliobanwa humo hutajwa. Mtu huingia akizungumza na mwenzake, akatoka kimya.

Sasa, shida iko katika tarehe. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwezi Juni mwaka 1873, kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia sahihi huku manowari za Waingereza zikimwekea kitisho. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. St Monica ilikuja miaka mingi baada ya hapo. Kwa sababu hiyo wapo wanahistoria wanaosema kwamba vyumba vile ni sehemu tu ya jengo la misheni, ghala la kuwekea dawa na vitu visivyostahimili joto, na kwamba hakuna mtumwa aliyepata kufungwa humo. Wengine hujibu kwamba huenda misheni ilijenga juu ya kitu kilichokuwapo tangu zamani. Sisi si wachimbaji wa magofu, wala hatuna mamlaka ya kuwaamua. Twaona tu kwamba hoja ya kwanza inasimama juu ya miaka inayohesabika, na ya pili inasimama juu ya neno “huenda”. Kwa vyovyote vile, hakuna mtu awezaye kukiapia chumba kile.

Kijana wetu mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliyaeleza haya mezani wakati wa chakula cha jioni. Aliyaeleza kwa adabu, lakini yalitua kama sahani iliyovunjika. Kwa maana mchana ule mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alikuwa amelia mle chumbani, akatolewa nje kwa kushikwa mkono. Yule mama asili yake ni Masasi. Alimtazama kijana kwa kitambo, akasema, “Mwanangu, wazee wangu walitoka Mbweni. Mimi sikulia kwa sababu ya kuta.” Kisha akatugeukia sisi: “Mwalimu, kama si hapa, palikuwa mahali. Machozi yangu yamepotea?”

Kwa vijana ambao hawakusimuliwa nyumbani, hatuna budi kueleza. Misheni ilinunua shamba la Mbweni, kusini ya mji wa Unguja, mwaka 1871, ikawaweka huko watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alivuka bara na wanaume na wanawake zaidi ya hamsini miongoni mwao, nia yao ikiwa kurudi upande wa Nyasa walikotekwa. Safari ikaishia Masasi, wakajenga hapo. Ndiyo mbegu ya Kanisa letu la kusini. Watoto wa wajukuu wa watu wale ndio wengine wanaokaa nasi katika mabenchi ya Temeke kila Jumapili, maana kazi za bandarini na viwandani ziliwaleta Dar es Salaam. Basi alipouliza mama yule, hakuuliza kama mtalii.

Tulimjibu usiku ule kwamba hayakupotea, na jibu hilo hatulibadili. Kule Yerusalemu yako makaburi mawili yanayosemwa kuwa la Bwana. Moja limo ndani ya kanisa kubwa na limeheshimiwa tangu karne ya nne. La pili liko bustanini nje ya ukuta, nalo lilipata sifa baada ya Jenerali Gordon wa Uingereza kulitetea mwaka 1883, na Waanglikana wengi wamelipenda kwa utulivu wake. Hayawezi kuwa ya kweli yote mawili. Hata hivyo hatujasikia padre yeyote akifundisha kwamba Mungu huirudisha sala iliyosaliwa penye kaburi lisilo lenyewe. Aliyepiga magoti bustanini alimwendea Kristo, hakuliendea jiwe.

Lakini iliyo halali kwa mtu anayelia haiwi halali hapo hapo kwa mtu anayeeleza. Hapo ndipo tunapoachana na ndugu zetu waliosema, “Mradi watu wanaguswa, tatizo liko wapi?” Sisi tuliozeekea katika chuo cha ualimu tulishughulika sana na zana za kufundishia. Mwanachuo alikuja darasani na moyo wa udongo wa mfinyanzi, au mlima Kilimanjaro wa makaratasi, na mtoto alielewa vizuri. Hakuna uongo hapo, kwa sababu mlima wa makaratasi haudai kuwa mlima. Pale pale Mkunazini, hatua chache kutoka St Monica, iko kazi ya mchongaji Clara Sörnäs kutoka Sweden, iliyowekwa miaka ya 1990: watu watano wa mawe wamesimama ndani ya shimo, wamefungwa minyororo shingoni. Wasema minyororo ile ni ya zamani hasa. Nyuso zile hazimdanganyi mtu. Ni sanamu, zinajulikana kuwa ni sanamu, na bado hatukuweza kuzitazama kwa muda mrefu. Zana ya kweli haihitaji kujifanya kitu kingine.

Ayubu, alipokuwa amekaa majivuni, aliwauliza rafiki zake kama walidhani Mungu anahitaji watu wa kumsemea uongo. Wale rafiki walikuwa na nia njema. Walitaka kulinda haki ya Mungu, na kwa ajili hiyo wakawa tayari kupindisha habari za mtu aliyeteseka mbele yao. Tunaliona swali lile likituhusu sana sisi tunaotaka kulinda heshima ya waliouzwa. Wao ndio walionyimwa majina. Katika sehemu kubwa ya habari zao wamebaki idadi tu: wanahistoria hukadiria kwamba katika miaka ya 1860 walioingizwa Unguja, wengi wao kwa njia ya Kilwa, walifikia kiasi cha 20,000 kwa mwaka. Mtu ambaye amekwisha kunyang’anywa jina, tukimwongezea na chumba ambacho huenda hakukaa, tumemfanyia nini? Na siku mjukuu wake atakapogundua kwamba chumba si chenyewe, yuko atakayemwambia kwamba basi hata soko halikuwapo. Tumekwisha kuyasikia maneno ya namna hiyo, tena kwa watu waliosoma.

Bado kuna jambo linalotusumbua zaidi ya hilo, nalo ndilo lililotufanya tukubali kuandika. Pango la giza lina faraja yake. Humwambia mgeni kwamba uovu ule ulikuwa kitu cha kufichwa, kazi ya watu wachache wabaya waliofanya mambo yao chini ya ardhi. Soko la Mkunazini halikuwa hivyo. Lilikuwa uwanja wa wazi katikati ya nyumba za watu. Halikuwa na paa. Watu walipangwa mistari, mnunuzi akapita, akawatazama meno, akawaambia watembee, akawashika mikono na miguu kama mtu anayenunua punda. Aliyenadi aliitwa dalali. Kwa kila kichwa kilichoteremshwa kutoka Kilwa ulilipwa ushuru forodhani. Wapita njia walipita. Aliyekuwa na haja ya kwenda kumsalimu shangazi yake alikatiza pembeni ya uwanja, akaendelea.

Ukitaka pango, lipo: Mangapwani, kaskazini ya mji, kimechimbwa chumba katika mwamba wa matumbawe. Lakini hesabu miaka tena. Kile kilitumika kuwaficha watumwa baada ya mkataba wa 1873, biashara ilipokwisha kuwa haramu. Yaani watu walianza kuingia chini ya ardhi baada ya kukatazwa. Kabla ya hapo hawakuwa na haja ya kujificha, kwa kuwa hakuna aliyewaonea haya. Sisi twaona fundisho la uwanja ni kali kuliko la pango, na ndiyo maana pengine hatulipendi.

Uwanja wa wazi pia hauruhusu kumlaumu mtu mmoja. Tusiogope kulisema jambo hili, maana tunaishi na majirani Waislamu, tunazikana nao na kulishana nao pilau, na tumewahi kuona kijana akitoka katika safari kama ile akiwatazama majirani zake kwa jicho jingine. Wenye mashamba ya karafuu walikuwa Waarabu, ni kweli. Waliokopesha fedha za misafara wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi. Wafaransa walichukua watu kutoka pwani hii kuwapeleka katika visiwa vyao vya miwa. Wamarekani wa Salem walileta ile nguo tuliyoiita merikani, wakaondoka na pembe za ndovu ambazo mara nyingi zilibebwa na mateka. Waingereza walinunua karafuu, kisha wakaja na manowari kuzuia. Na huko bara, waliowakamata watu na kuwashusha pwani walikuwa pia watemi na wakuu wetu wenyewe, Wayao na Wanyamwezi na wengine, pamoja na Waswahili wa pwani. Mama yetu wa Masasi aliyasema haya kabla hatujayasema sisi: katika ukoo wake, alisema, upo upande uliouzwa na upo upande uliouza, na wote walioana.

Wala misheni yetu isipewe sifa kuliko haki yake. Twapenda kusema kwamba Kanisa lilikuja na utumwa ukaisha. Soko lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa kisheria iliondolewa Unguja mwaka 1897, na hapo pia mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake. Kwa masuria ikangojwa mpaka 1909. Bara sheria ya kuufuta ilitoka mwaka 1922. Hiyo ni karibu miaka hamsini baada ya jiwe la msingi. Lakini ya kweli yaliyo mazuri yapo, na hayahitaji kutiwa chumvi. Mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, naye alikuwa mtumwa utotoni, alipewa upadre kule Unguja mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kuufikia. Tukisimama mbele ya altare ya Mkunazini tukiwa tunawajua hawa wawili kwa majina, twahitaji chumba gani tena?

Tulipofika hapo, yule kijana alitubana. Akauliza, “Na altare je?” Alikuwa na haki. Wageni huonyeshwa duara la marumaru karibu na altare na kuambiwa kwamba hapo ulisimama mti waliofungiwa watumwa wakachapwa. Hayo nayo ni mapokeo. Tofauti tunayoiona ni hii: waliojenga kanisa walianza miezi michache tu baada ya soko kufungwa, na mji ulikuwa umejaa watu waliouona uwanja kwa macho yao, kwa hiyo mapokeo yale yalizaliwa karibu na mashahidi. Kule Canterbury huonyeshwa mahali Askofu Mkuu Thomas Becket alipouawa Desemba 1170, na habari ile ina nguvu kwa kuwa walikuwapo watu kanisani siku ile, na mmoja wao aliyejeruhiwa mkono aliandika. Mkunazini hatuna mtu wa namna hiyo aliyetuandikia juu ya mti ule. Basi mwelezaji aseme “mapokeo yanasema”. Maneno mawili hayatamchosha. Kwa miaka ya karibuni yako maonyesho katika ua ule yenye maandishi na picha juu ya biashara nzima, kuanzia bara hadi visiwani, na mtu akiyasoma kwa utulivu hutoka na mengi kuliko anayeshuka chumbani dakika tano. Tuliona, hata hivyo, kwamba wengi hushuka kwanza.

Wapo waliotuambia tusiguse jambo hili kwa sababu ya fedha, kwamba kiingilio ndicho kinachotengeneza paa la kanisa, na jengo la chokaa karibu na bahari hula fedha kama mchwa anavyokula boriti. Hoja hiyo hatuidharau. Tumekaa katika kamati ya ujenzi. Lakini hatuamini kwamba mtu aliyevuka bahari kuja kupaona Mkunazini atadai kurudishiwa kiingilio kwa kuambiwa kwamba soko lilikuwa juu, nje, juani, pale pale alipoegesha mwavuli wake.

Na kwa habari ya uwanja wa wazi, tuliporudi tulijikuta tukitazama mitaa yetu. Hatusemi kwamba ni kitu kimoja. Asiyejua tofauti awaulize watu wa Masasi. Lakini yuko binti wa miaka kumi na minne anayeshuka basi kutoka bara na kimfuko cha rambo, anapokewa na mtu ambaye hamjui, anapelekwa Kinondoni au Mbagala kulea mtoto wa mtu, na mshahara wake wa miezi ya kwanza huenda kwa aliyemleta. Aliyemleta huitwa dalali. Hatujabadili hata neno. Binti huyo hafichwi. Hutumwa dukani, tunamsalimu, anatuitikia “shikamoo” kwa macho ya chini, na jioni sisi twaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Kuna nyumba za wanamtaa zinazomtunza binti kama mtoto wa nyumbani na kumpeleka shule, twazijua na twazishukuru. Na nyingine twazijua pia.

Padre amekwisha kukubali kwamba vijana wa Kipaimara waende Unguja baada ya Pasaka, nao watalala St Monica kama nafasi itapatikana. Tumeombwa tuandike karatasi ya maelezo. Juu ya vyumba tumeandika sentensi tatu: kwamba viko chini ya nyumba ya misheni iliyojengwa baada ya soko kufungwa, kwamba watu wengi husema watumwa walifungwa humo na wanahistoria wengine hukataa, na kwamba anayetaka kushuka ashuke, anayetaka kusali asali. Tulimsomea mama wa Masasi. Alisikiliza, akataka tuongeze kwamba babu zake walilala Mbweni na kwamba Mbweni inafikika kwa daladala. Tumeongeza. Karatasi itasomwa bandarini kabla chombo hakijaondoka, kwa maana wakishafika katikati ya mkondo wengi wao hawatakuwa na hali ya kusikiliza chochote.